Picha maarufu duniani: maswali ambayo watu hawachoki kuuliza

Nimekusanya picha maarufu kwa miaka mingi sasa, za nyota, za vita, za wanyama, za michoro ya kale, na maswali ninayopata ni yaleyale. Karibu yote yanaanzia "hivi hii ni ya kweli?" na mimi huwa narudisha swali: ilitengenezwaje? Ukishajua hilo utakuta swali la kweli au uongo limebadilika sura kabisa.

Mbona unachanganya foto na michoro, si vitu viwili tofauti?

Kiswahili kilishaamua zamani, picha ni picha, iwe imepigwa, imechorwa, imechapwa kwa ubao au imetolewa na kompyuta. Na kusema kweli tofauti sio kubwa kama watu wanavyodhani, utaona huko chini.

Picha ya kwanza kabisa ya kamera ni ipi?

Ya zamani zaidi iliyobaki ni ya Mfaransa Joseph Nicéphore Niépce, aliipiga 1826 au 1827 kutoka dirishani kwake huko Saint-Loup-de-Varennes. Usitegemee karatasi. Ni bamba la chuma lenye bati nyingi ambalo alilipaka lami, sasa lami ile ikipigwa na jua inakuwa ngumu, pale pasipopata jua inabaki laini, akaiosha kwa mafuta ya lavenda ikatoka ikabaki picha. Kamera ilikaa pale masaa mengi, wengine wanakadiria nane, wengine wanasema siku kadhaa, na ushahidi umo ndani ya picha yenyewe: kuta za upande wa kulia na za kushoto zote zimewaka jua, kitu ambacho hakiwezi kutokea kwa wakati mmoja. Maana yake jua lilitoka huku likazama kule, kamera bado ipo palepale inatazama.

Bamba lenyewe liko Harry Ransom Center, Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Ile unayoiona kwenye vitabu, yenye vidoti vidoti na mapaa yanayosomeka vizuri, ni nakala ya 1952 ambayo mwanahistoria Helmut Gernsheim aliigusagusa kwa rangi ya maji ili ieleweke. Kwa hiyo hata "picha ya kwanza duniani" tunayoijua wengi wetu imeshaeditiwa. Tumeanza vizuri.

Na mtu wa kwanza kuonekana kwenye picha ni nani?

Hamna anayelijua jina lake. Louis Daguerre alipiga mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, mwaka 1838, mtaa wenye shughuli kwelikweli, farasi, mikokoteni, watu wanapita, ila ukiutazama kwenye picha ni mtupu utadhani watu wamehama. Picha ilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na chochote kilichokuwa kinatembea hakikukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama, kikafutika. Isipokuwa jamaa mmoja kule chini kushoto, kasimama, mguu mmoja kaunyanyua, anapigwa rangi viatu. Yeye alitulia. Mpiga rangi mwenyewe, kwa sababu mikono ilikuwa inaenda na kurudi, ameonekana kama kivuli tu. Mi hii picha huwa naivuta karibu mpaka inaanza kupasuka, maana mtaa mzima wa watu umepotea na huyu kabaki kwa sababu viatu vyake vilikuwa vichafu.

Kwa nini watu wa zamani hawacheki kwenye picha?

Jibu la haraka ni kwamba picha ilichukua muda na huwezi kushika tabasamu dakika nzima bila uso kuanza kutetemeka. Studio zingine zilikuwa na chuma cha kushikilia kichwa kwa nyuma, ukiangalia vizuri baadhi ya picha unaona mguu wa hicho chuma umechomoza sakafuni. Lakini kamera zilipokuja kuwa na kasi watu waliendelea kununa, kwa hiyo ilikuwa desturi pia, picha ilikuwa jambo zito, unaipiga mara chache maishani.

Ni kweli picha fulani ilimaliza ubishi kuhusu farasi?

Kweli kabisa. Watu walibishana kama farasi akikimbia kuna wakati miguu yote minne inakuwa hewani. Juni 1878 huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge, kwa hela za tajiri Leland Stanford, alipanga kamera 12 kando ya njia na nyuzi zilizotandazwa, farasi anapita anazikata, kila uzi unafyatua kamera yake. Jibu: ndio, yote minne hewani. Ila sio pale ambapo wachoraji walikuwa wanadhani! Karne na karne walichora farasi kajinyoosha, miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma kama chura anayeruka, kumbe anakuwa hewani pale miguu yote imekunjwa chini ya tumbo. Kuna michoro mingi mizuri sana makumbusho iliyokosea na hakuna aliyegundua, na wote walikuwa na macho.

Ule mkono wenye pete ni wa nani?

Ni wa Anna Bertha, mke wa Wilhelm Röntgen, ulipigwa eksirei tarehe 22 Desemba 1895. Mifupa ya vidole na pete nene inayoelea kwenye kidole. Mume aliita ile miale X kwa sababu hakujua ni kitu gani, kama unavyoandika X kwenye hesabu, na jina likaganda mpaka leo. Mwaka 1901 akapewa Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia.

Kuna picha nyingine ya miale hiyohiyo ambayo haionekani kama kitu, wengi wanaipita: Photo 51, ya Mei 1952, King's College London. Ni duara lenye alama ya X iliyokatikakatika, basi. Ilipigwa na Raymond Gosling, mwanafunzi wa Rosalind Franklin, miale ikapigwa kwenye uzi mwembamba wa DNA kwa zaidi ya masaa 60. Kwa anayejua kusoma ile X inamaanisha msokoto, na ndo hiyo iliyomshtua James Watson, aliyekuwa na Francis Crick wakitafuta umbo la DNA, alipoonyeshwa na Maurice Wilkins mwanzoni mwa 1953, Franklin mwenyewe hana habari. Nobel ilitoka 1962 kwa Watson, Crick na Wilkins. Franklin alikuwa ameshafariki 1958 akiwa na miaka 37.

Rangi za picha za anga za mbali ni za kweli au wanapaka?

Hili ndo swali namba moja na jibu lake halikai kwenye sentensi moja, nivumilie.

Chukua ile ya darubini ya angani ya Hubble inayoitwa Nguzo za Uumbaji, ya Aprili 1995, minara ya gesi na vumbi kwenye nebula ya Tai, umbali wa miaka nuru 6,500 hivi. Kamera za Hubble zinapiga nyeusi na nyeupe. Wanaweka kichujio kinachopitisha mwanga wa gesi moja tu wanapiga, wanabadilisha kichujio wanapiga tena. Hapo walitumia vichujio vitatu, mwanga wa salfa, wa hidrojeni na wa oksijeni, halafu kwenye kompyuta salfa ikapewa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni bluu. Sasa kwa nini wasiache zilivyo? Kwa sababu mwanga ule wa hidrojeni na wa salfa vyote kwa macho ni vyekundu, vimekaribiana mno, ukiviacha unapata uji mwekundu usiojua kipi ni kipi. Kwa hiyo rangi ni kama ramani, zinakuonyesha nini kiko wapi. Maumbo ni ya kweli, mwanga ni wa kweli, mgawanyo wa rangi umechaguliwa. Mimi siuiti uongo, ila naudhika mtu anapoiweka bila maelezo, kisha watoto wanakua wakiamini ukifika kule utaona kijani.

Na kama umewahi kujiuliza kwa nini picha ile ina kona moja ya juu iliyokatwa kama ngazi, sio sanaa wala hawajaficha kitu. Kamera ilikuwa na vipande vinne vya kunasa mwanga na kimoja kilikuwa kinavuta karibu zaidi ya vingine, ukivilinganisha ukubwa kinakuwa kidogo, hivyo sehemu inabaki nyeusi.

Na lile shimo jeusi la rangi ya chungwa?

Hapo ndo hakuna rangi kabisa, maana ni mawimbi ya redio ya urefu wa milimita 1.3, jicho haliyaoni hata ukae karibu. Chungwa limechaguliwa na watu. Ni shimo la katikati ya galaksi ya M87, miaka nuru milioni 55, uzito wa Jua mara bilioni 6.5. Mtandao wa darubini nane zilizotawanyika duniani ulilitazama Aprili 2017, data ikawa nyingi mno kutuma kwa intaneti, diski zikasafirishwa kwa ndege, na zile za Ncha ya Kusini zikabidi zisubiri baridi iishe ndo ndege ziweze kufika. Picha ikatoka 10 Aprili 2019 na watu wakalalamika haijatulia, ina ukungu. Jamani. Ni sawa na kuiona chungwa ikiwa Mwezini halafu unalalamika huoni vitundu vya ganda.

Mbona picha za wanaanga Mwezini hazina nyota? Si ni studio hiyo?

Uso wa Mwezi ukipigwa na Jua unang'aa sana, na suti zao nyeupe vilevile, kamera ikawekwa kwa mwanga huo, kwa hiyo nyota ambazo ni hafifu hazikuingia. Jaribu usiku kumpiga mtu aliye chini ya taa kali, kisha nitafutie nyota. Tuendelee.

Ile ya Dunia inachomoza juu ya Mwezi, ni kweli waliipindua?

Ndio. Bill Anders aliipiga 24 Desemba 1968 kutoka Apollo 8. Haikuwa kwenye ratiba, walikuwa wanapiga uso wa Mwezi, ghafla Dunia inaibuka dirishani, akapiga moja nyeusi na nyeupe huku anaomba apewe mkanda wa rangi haraka haraka, na ile ya rangi ndo ikawa hiyo. Kwa jinsi alivyoishika kamera Mwezi ulikuwa wima upande wa kulia na Dunia kushoto. Wahariri wakaizungusha ili Mwezi uwe chini kama ardhi, ikafanana na jua linavyochomoza, na macho yetu yakaridhika. Angani hakuna juu wala chini kwa hiyo hakuna aliyekosea, lakini "inachomoza" hiyo ni sisi tumeiweka.

Ya Desemba 7, 1972, Blue Marble, picha ya Dunia nzima ya Apollo 17, yenye karibu Afrika yote inaonekana, nayo ilizungushwa. Iliyotoka kwenye kamera ilikuwa na kusini juu.

Picha ya kihistoria ikiguswa au ikipangwa, basi ni feki?

Inategemea imeguswa wapi, na hapa watu wengi wanakimbilia kuhukumu. Yule mama kwenye picha ya Dorothea Lange, mwenye mkono shavuni na watoto wameigeuzia kamera mgongo, Nipomo, California, 1936: kwenye kona ya chini kulia kulikuwa na kidole gumba kimeshika mti wa hema, Lange kilimkera, miaka kadhaa baadaye akafanya kifutwe kwenye negativu. Ukipata nakala nzuri unaona bado kidole kipo kama mzimu. Je, kufuta gumba kumebadilisha njaa ya yule mama? Mi nasema hapana. Kinachonisumbua mimi ni kingine, kwamba mama mwenyewe alikuja kujulikana jina 1978 tu, na hakupata hata senti.

Linganisha na bendera ya Urusi ya Kisovieti juu ya Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani, Berlin, 2 Mei 1945. Yevgeny Khaldei alienda na bendera yake iliyoshonwa kwa vitambaa vya meza, akawapanga askari, halafu kwenye studio moshi ukaongezwa, na askari mmoja aliyekuwa na saa mkono huu na huu saa moja ikafutwa, maana saa mbili zingesema kitu kuhusu nani alikuwa anapora mjini. Gumba lilifutwa kwa sababu ya urembo. Saa ilifutwa kwa sababu ilikuwa inasema ukweli. Kwangu hizo sio dhambi za uzito mmoja.

Ya askari wa Marekani wakisimika bendera kisiwani Iwo Jima, ya Joe Rosenthal, 23 Februari 1945, inasingiziwa bure. Ilikuwa bendera ya pili, ndio, ya kwanza ilikuwa ndogo wakaibadilisha, lakini hakumpanga mtu. Aliulizwa kama aliwapanga, akadhani wanamuuliza picha nyingine ya kundi aliyopiga siku hiyohiyo, akasema ndio. Neno moja likamfuata maisha yote.

Na wale mafundi waliokaa kwenye boriti New York, 1932, wanakula? Mafundi wa kweli, urefu wa kweli, ila ilipangwa kutangaza jengo.

Kwenye picha za wanyama kuna udanganyifu pia?

Tele. Mwaka 2018 shindano kubwa la picha za wanyamapori lilimnyang'anya mtu ushindi kwa sababu mla-mchwa wake aliyekuwa anasogelea kichuguu usiku alionekana ni wa kujazwa pamba.

Ila kisa ninachokipenda ni cha kifaru wa Albrecht Dürer, 1515. Kifaru wa kweli alifika Lisbon Mei mwaka huo kutoka India, zawadi kwa mfalme wa Ureno. Dürer alikuwa Ujerumani, hakuwahi kumwona, alipata barua na mchoro wa haraka tu, akachonga ubao: ngozi kama deraya ya askari imeungwa vipande vipande, miguu ina magamba ya samaki, na begani kapachikwa kipembe cha ziada ambacho hakuna kifaru duniani aliyewahi kuwa nacho. Ulaya ikamnakili huyohuyo miaka 200 na zaidi. Kifaru mwenyewe alizama na meli mwanzoni mwa 1516 akipelekwa kwa Papa. Akili mnemba (AI) inayotoa mkono wa vidole sita inafanya kilekile, inachora kwa kusikia.

Ukiizungumzia AI, kuna namna ya kuitambua?

Vidole na maandishi yaliyopinda vilikuwa dalili nzuri, sasa hivi haviaminiki tena. Hata majaji wanapigwa. 2023 Boris Eldagsen alishinda kwenye Sony World Photography Awards akakataa zawadi, akasema picha ni ya AI, alitaka kuona kama watashtuka. Mwaka uliofuata Miles Astray akageuza, akapeleka picha halisi ya flamingo anayejikuna tumbo, kichwa hakionekani kabisa, kwenye kundi la picha za AI la shindano jingine, akashinda, kisha akaondolewa kwa sababu ndege alikuwa wa kweli.

Kwa hiyo mimi siku hizi siangalii picha, naangalia ilikotoka. Itafute kwa picha kwenye Google Lens au TinEye, angalia ilionekana lini mara ya kwanza, nani kaipiga, kuna nyingine za tukio hilo kutoka pembe nyingine? Papa anayeogelea barabarani kwenye mafuriko amekuwa akizunguka tangu 2011, kila mafuriko anahamia mji mwingine, na alikatwa kwenye picha halisi ya papa aliyekuwa anafuata mtu kwenye kayaki. Nami nilishamtuma kwa watu, na maelezo marefu juu.

Nani mwenye haki ya picha? Naweza kutumia?

Za NASA kwa kawaida ziko huru, ila usifanye ionekane kama wao wanakudhamini. Michoro ya kale hakimiliki ilishaisha, nchi nyingi ni maisha ya msanii na miaka 70 juu yake, zingine 50, na makumbusho kama Rijksmuseum ya Amsterdam yanakuruhusu upakue bure kabisa. Zenye leseni ya Creative Commons soma masharti, mengi yanataka umtaje mpiga picha, na kumtaja maana yake jina lake, sio "picha: Google". Google haijawahi kushika kamera ya mtu huyo.

Na ndio, kulikuwa na kesi ya kima. Kima mweusi wa Sulawesi, Indonesia, alijipiga selfi kwa kamera ya David Slater, ikasambaa 2011, watetezi wa wanyama wakaenda mahakamani wakidai haki ni ya kima. 2018 mahakama ya rufaa Marekani ikasema mnyama hawezi kushtaki kwa sheria ya hakimiliki.

Orijino ya lile wimbi la Kijapani iko wapi?

Hakuna orijino moja. Hokusai alilitoa kama 1831 kwa kuchapa ubao, zikatoka nakala maelfu, ubao ukawa unachakaa, ndo maana iliyoko makumbusho hii ina mistari mikali na ya kule imefifia. Watu wanapanga foleni kuona "yenyewe" na wote wanaona yenyewe.

Nataka kuichapisha niweke ukutani, niangalie nini?

Pikseli. Picha ya kwanza kuskaniwa ikaingia kwenye kompyuta, ya 1957, mtoto mchanga wa mhandisi Russell Kirsch, ilikuwa 176 kwa 176, leo hata aikoni inaizidi. Karatasi ya A4 ikitoka safi inataka kama 2480 kwa 3508. Skrinshoti haifiki, na kuikuza hakuongezi kitu isipokuwa ukungu. Upande wa pili kuna Ulinzi wa Usiku wa Rembrandt, Rijksmuseum waliupiga vipande 8,439 wakaviunga ukawa pikseli bilioni 717, unaona nyufa za rangi kwenye mboni ya jicho. Pamoja na hayo mchoro haujakamilika, 1715 waliukata pande zote nne ili utoshe ukutani. Kwa hiyo ukiona fremu yako ni ndogo tafuta fremu nyingine, usikate.

Blue Marble ukiichapisha jaribu kuining'iniza kusini juu, kama ilivyotoka kwenye kamera. Yangu iko hivyo sebuleni, na kila mgeni anayeingia ananyoosha mkono kuniwekea sawa.